Chupa ya Mafuta na Farasi wa Mama Bahati

Siku ile ya farasi wa Mama Bahati naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Kwa hiyo usininunie eti nilikunyang'anya chupa leo asubuhi kando ya ziwa, mbele ya watu, ulipotaka kumunywesha mafuta yule farasi wa kupigia picha anayeumwa tumbo. Farasi yule nimekwisha kumuitia mutu anayejua. Na kama si heshima ya mama yako, chupa ile ningekupasulia kichwani! Kaa hapa, usikilize.

Nilikuwa na umri wako. Nilikulia milimani Masisi, nyuma ya mikia ya ng'ombe, na kazi ya kuwatibu nilifundishwa na papa, baba yangu, kabla ya kujua kusoma. Ng'ombe akivimba tumbo, tunamushika pua, tunainua kichwa, tunamumiminia chupa ya mafuta mudomoni, anatoa hewa, anapona. Nilipopata diplome ya mifugo watu wakaanza kuniita dokta, na jina hilo lilinilewesha kuliko kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Mama Bahati alikuwa mujane, akitengeneza fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe, huko juu ambako motokari haifiki. Farasi wake mumoja tu, Kijivu, ndiye aliyezishusha hadi barabarani zipelekwe Goma. Bila Kijivu, fromaji zingeoza na watoto wane wangelala njaa. Asubuhi moja akaniita mbio. Farasi anagaragara, anasimama, anachimba udongo kwa kwato, anageuza shingo kuangalia ubavu wake. Tangu jana hajakunya. Walikuwa wamemupa pumba kavu, nyingi mno, na maji kidogo.

Juu ya farasi sikujua kitu. Hata kidogo! Simu nilikuwa nayo mufukoni, na namba ya Muzee Anselme, dokta wa mifugo wa zamani, ilikuwa ndani. Kuuliza si ujinga, tunaimbiwa tangu utoto. Lakini Mama Bahati ananiangalia, majirani wananiangalia, halafu mimi dokta niseme sijui? Sikupima moyo wake. Sikufunua mudomo kuona ufizi. Hata sikio sikuweka tumboni. Niliomba mafuta tu, tukamufunga kichwa juu, nikasukuma chupa.

Akakohoa, mafuta yakatoka puani.

"Dokta, mbona anakohoa?" Mama Bahati akauliza.

"Ni dawa inatembea, mama."

Dawa inatembea! Mupumbavu mimi, tena mupumbavu wa kujivuna, ambaye ni mubaya kuliko wote.

Jioni farasi akakunya. Eh, ungeniona! Watu wakapiga makofi, nikapewa fromaji nzima, nikashuka mulima nikipiga muluzi. Siku ya tatu nikaitwa tena. Kijivu amesimama kichwa chini, puani panatoka uchafu unaonuka, mbavu zinapanda na kushuka haraka haraka. Safari hii niliogopa, nikamupigia simu Muzee Anselme. Alikuja na pikipiki hadi mwisho wa barabara, akapanda kwa miguu na uzee wake wote. Hakusalimia mutu. Aliweka sikio kwenye tumbo, upande huu, kisha upande ule, kisha kifuani.

"Tumbo liko muzuri," akasema. "Linanguruma inavyofaa. Nani alimunywesha mafuta kwa mudomo?"

Mama Bahati ndiye aliyejibu, tena kwa kujisifu: "Ni dokta wetu huyu, muzee."

Mwanangu, bora angenipiga kofi.

Muzee Anselme akanigeukia. "Ulimujaza mafuta kwenye mapafu. Farasi anapewa dawa kwa mupira mwembamba, unaingia puani hadi tumboni, na anayeupitisha ni mutu aliyefundishwa. Simu hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, muzee."

Alimuchoma sindano, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kijivu alikufa kabla ya saa sita. Na hapo nikaongeza upumbavu juu ya upumbavu. Mama Bahati aliponiuliza ni ugonjwa gani, nikamuambia, "Ni mapenzi ya Mungu, mama."

Muzee Anselme alilipuka hata ng'ombe wakageuza vichwa. "Usimutwike Mungu chupa yako! Muambie huyu mama ukweli, sasa hivi, nikisikia!"

Nikasema. Mama Bahati hakulia wala hakunitukana. Aliingia nyumbani, akatoka na fromaji mugongoni, kamba kwenye paji la uso, akaanza kushuka. Nilimukimbilia nimupokee muzigo. Akaniambia, "Wacha, dokta. Umekwisha kunisaidia."

Muficha maradhi, kifo humuumbua. Ndivyo walivyosema wazee, lakini sisi waganga tukificha ujinga, anayekufa ni mugonjwa. Ndiyo maana napiga kelele! Farasi si ng'ombe. Hacheui, hatapiki, na ukimumiminia kitu kwa nguvu kinakwenda kwenye mapafu. Ukiitwa, kwanza uliza alikula nini na alikunya lini. Sikiliza tumbo pande zote mbili, na likiwa kimya kabisa ujue hatari imefika. Pima moyo, angalia ufizi, muondolee chakula. Halafu, kama hujui, sema sijui, kwa sauti, majirani wote wasikie, upige simu farasi akiwa bado anaweza kuponywa. Aibu yako itaisha kesho. Mimi yangu haikuisha, kwa sababu niliikimbia.

Basi nimemaliza, njoo nikushike kichwa. Mungu akupe sikio refu na mukono usio na haraka. Wanyama wapone mbele yako. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe nguvu ya kusema "ni mimi" kabla mujane hajakushukuru.