Ngamia wa Ukurasa wa Mwisho

Nimechoka hata kuona aibu, acha niseme. Darasa la saba ninalolifundisha hapa Garissa lilikuwa likitengeneza gazeti la mji huu kana kwamba ni enzi za mkoloni, kwa mkono, kwenye karatasi za manila. Habari zote zilitakiwa zitoke kwa wazee wa nyumbani. Wanafunzi walibishana wiki nzima mpaka kichwa kikaniuma, na bado ukurasa wa mwisho ukabaki na pengo. Basi nikalijaza mwenyewe. Nikaandika tangazo kwamba ngamia jike amepatikana, mwenyewe aje shuleni. Nikamchora na alama ya moto pajani, alama niliyoiona kwenye soko la mifugo nikaipenda.

Siku ya wazazi tulibandika gazeti ukutani. Nikawaringia wageni kwamba kila neno ni la wazee, mimi sikutia mkono.

Mzee mmoja hakujua kusoma, lakini alama ya ukoo wake aliijua. Binti yake akamsomea tangazo. Mzee akatoka, akarudi na kamba.

"Maalim, ngamia yangu iko wapi?"

"Samahani mzee, hilo ni gazeti la zamani."

"Hata yangu ilipotea zamani. Wallahi, nimetafuta mpaka Modogashe."

 Mwalimu mkuu akaligeukia darasa, akauliza habari ya ngamia ililetwa na nani.

 Wanafunzi wote walinitazama mimi, na mzee naye akanigeukia, akiikunjua kamba yake taratibu.