Mhaya Hanunui Ndizi

Anatory Kagaruki, mtunza ghala wa kampuni moja ya kahawa mjini Bukoba, aliilinda heshima yake kuliko tumbo lake. Wenzake sita walimfanya msemaji wao siku dada mmoja wa makao makuu alipokuja kutoka Mwanza kulinganisha gharama za maisha katika matawi. Muleba alishapita. Mji ambao ungeonekana ghali, wafanyakazi wake wangeongezwa posho.

Kodi ya nyumba, maji, umeme: Anatory alijibu vizuri, wenzake wakisikiliza. Kisha yule dada akauliza, "Na ndizi za kupika, mkungu mnanunua bei gani?"

Hapo ulimi ukateleza. "Mhaya hanunui ndizi," alisema, tena kwa maringo. "Zinatoka kibanjani."

Uongo mtupu. Kibanja cha kijijini Kagoma alichoachiwa na baba yake, migomba na makaburi ya wazee humo humo, alikuwa amekiuza mwaka juzi, jambo la aibu kubwa kwa Mhaya. Kila Jumamosi alinunua mkungu sokoni, kofia imeshuka hadi puani. Alimtupia jicho Agnetha, karani mjane mwenye watoto wanne, akitumaini huyo angalau atataja bei. Agnetha aliinamisha kichwa. "Hata sisi, zinatoka nyumbani," alisema, na wengine wakaitikia mmoja mmoja. Dada akaandika sifuri, akashukuru.

Barua ilikuja baada ya mwezi. Mwanza wameongezwa, Muleba wameongezwa kidogo. Bukoba hawakupata kitu, kwa kuwa chakula chao ni cha bure.

Agnetha, aliyekuwa ameitegemea posho hiyo kwa nauli, akaanza kuja kazini kwa miguu, kutoka Rwamishenye. Anatory alimwona akikung'uta vumbi mlangoni. Aliona aibu hata kumsalimia. Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia, akawaita wote ghalani, akasimama kati ya magunia.

"Nimewaponza," alisema. "Mimi sina kibanja. Nilikiuza, na makaburi ya wazee wangu ndani yake. Ndizi nanunua. Leo nampigia yule dada nimwambie nilidanganya."

Alisubiri wagune. Hakuna aliyeshtuka. Mwijage, dereva, aliinama akawa anahangaika na kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Waitu, baba Josia," Agnetha alimwambia Anatory taratibu, kwa heshima, "tulijua tangu mwaka juzi. Tukikuona sokoni tunapita njia nyingine. Siku ile ningetaja bei, ungeonekana mwongo mbele ya mgeni."

Anatory alitafuta pa kuweka macho, asipate. Muda wote huo alidhani anaificha aibu yake mwenyewe, kumbe watu sita walikuwa wakimfichia, na sasa wameilipia kwa posho zao. Masikio yalimwaka moto. Alitoa simu, akabonyeza namba ya Mwanza hapo hapo, wote wakimsikia, na dada alipopokea akaanza na makaburi.