Msomaji wa Kabiria

Kila makala kabla ya kupigwa chapa, karani wa jarida moja la utafiti hulowesha kidole gumba kwa mate, akakagua kurasa, kisha akatia nakala katika bahasha ya kaki na kutoka mjini hadi mtaa wa Kabiria, kwa wakazi waliohojiwa na watafiti. Huwasomea kwa Kiswahili, polepole, kidole kikifuata mistari ya Kiingereza.

Alhamisi moja Mama Awiti, mmoja wa waliohojiwa, alimkatiza. "Hapo sivyo. Hiyo kisima ilikauka kitambo. Sisi tunanunua maji ya mkokoteni."

Karani hakubisha. Alichomoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika pembeni maneno yake yaleyale, na makala ikasimamishwa hadi irekebishwe.

Profesa aliyeiandika alipopiga simu akifoka na kuuliza nani amezuia makala yake, karani alimjibu kwa sauti ya chini: "Msomaji wako wa kwanza, Prof, kule Kabiria."