Bega la Mwenzake

Tangu amalize mafunzo ya kijeshi ya JKT, mpangaji wa mama Evarista hapa Karatu haondoi macho kwenye mdomo wa mtu anayeongea naye. Kila asubuhi huipiga pasi suruali ileile ya usaili wa polisi. Leo alimwomba mama asimame nyuma yake, amwamrishe kama afande.

“Nyuma geuka,” mama akasema. Kijana akabaki ameukazia macho ukuta, mkakamavu. Mama akarudia kwa nguvu. Kuku wakakimbia, yeye wapi.

“Mama, mbona huanzi?”

Mama akamzunguka hadi mbele. “Mwanangu, kwenye gwaride ulikuwa unageukaje?”

“Nilikuwa nafuata bega la mwenzangu.” Akainyoosha suruali yake. “Kwenye usaili wanaita mmoja mmoja.”