Gia Iliyopakwa Mafuta ya Kondoo

Nakumbuka siku moja ya kiangazi kikali, mwanangu, na mpaka leo nikiisimulia moyo hunidunda. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kwenye karakana moja hapa Kitengela, mahali pa kuvifanya vyuma viwe vigumu. Tulikuwa na tanuri lisilo na moto. Unafungia chuma ndani, unanyonya hewa yote, unaingiza gesi kidogo na umeme mkali, na gesi ile inawaka rangi ya zambarau na kukivaa chuma kama ngozi. Kikitoka humo hakiliki upesi. Mara ya kwanza kuchungulia kwenye kidirisha chake, nilisahau kufunga mdomo.

Sharti kubwa lilikuwa usafi. Chuma kikishaoshwa hakiguswi kwa mkono mtupu, kwa maana hata jasho la kidole huleta vita humo ndani.

Basi baba yangu akaja kutoka upande wa Kajiado na gia ya pampu ya kisima cha kijiji chetu. Ilikuwa imechongwa upya baada ya ile ya zamani kulika meno, na ng'ombe wa kijiji kizima walikuwa wakingoja maji hayo. Niliiosha vizuri, nikaiweka mezani. Fundi mkuu wetu, Wambui, akatoka nje kupokea simu. Nikageuka kuvaa glavu. Niliporudisha macho, baba ametoa kichupa cha mafuta ya kondoo, anaipaka gia kwa kidole gumba, jino kwa jino, akimwomba Enkai, Mungu wetu, aipe nguvu. Kwetu kitu kipya hubarikiwa hivyo.

Nilipigwa na bumbuazi. Kijana amkataze baba yake kubariki? Na kuiosha tena, je, si kuiosha baraka mbele ya aliyeitoa? Nikaifuta juu juu kwa kitambaa. Wambui akarudi.

"Hii imeoshwa?"

"Imeoshwa," nikasema, na kweli ilikuwa imeoshwa. Ona ulimi wa mtu unavyojua kujificha!

Tukafunga. Zambarau ikatanda vizuri, nami nikaanza kupumua. Mara, Mungu wangu! Cheche nyeupe zikaruka kwenye meno ya gia, pa! pa! pa!, kama bisi kwenye sufuria, na mashine ikajizima. Tanuri lilipopoa tukafungua: meno yamedonolewa mashimo meusi, ncha zimeyeyuka. Wambui akashika kichwa.

"Nani aliguza hii kitu?"

Nilisema yote nikitazama sakafu. Baba alisikiliza, kisha akanigeukia mimi.

"Ero, kijana wangu, ulikuwa unajua mafuta itaharibu?"

"Nilijua, baba. Niliogopa kukukosea heshima."

"Heshima gani? Ng'ombe watakunywa heshima yako? Ungeniambia, ningengoja itoke ndio niibariki. Mimi niko na mvi, lakini hii mashine sijawahi kuiona. Hapa wewe ndiye mzee."

Maneno hayo yalinishtua kuliko zile cheche. Sikuwahi kudhani baba angenitamkia neno kama hilo. Gia nyingine ilichongwa, lakini mwenye kiu hangoji fundi. Majirani walipoteza ng'ombe, nasi tukampoteza mtamba wa mama, na baba hakunilaumu tena. Afadhali angenichapa.

Mwanangu, tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini hata mkuu asipoambiwa huvunjika guu, ilhali wewe umeliona shimo ukanyamaza. Heshima si utumwa. Inamisha kichwa mzee akuguse kwa salamu, kama desturi yetu, tafuta maneno laini, chukua muda wako, lakini sema, na useme kabla mlango haujafungwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Enkai akupe ulimi mpole usio na woga. Akupe mifugo, mvua na maisha marefu. Nawe ukizeeka, akujalie watoto watakaokwambia, "Baba, ngoja kwanza," na masikio ya kuwasikia.