Matumizi ya Yeyo

Kwetu Kitengela pesa haikosi jina. Ya shule ni karo, ya kanisa ni sadaka. Ile ya kila siku, ya sukari, unga na mafuta ya taa, tunaiita matumizi. Mama yangu Roda, ambaye kwa Kimaasai tunamwita yeyo, ndiye alikuwa na matumizi. Kwa Wamaasai maziwa ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni mama; mwanaume hagusi kibuyu. Kila asubuhi yeyo alikuwa anabeba mtungi mpaka sokoni, anauza, pesa anafunga kwa kona ya shuka. Mbele ya wanaume sikuwahi kumsikia akiongea. Wazee wakimwuliza kitu alitazama chini akasema "ee", basi.

Mwaka wa 2003 baba, Lesiamon, alipata mnunuzi wa ekari ishirini tulizokuwa tumebaki nazo. Wengi walikuwa wanauza. Jirani yetu Katoo aliuza, akanunua pikapu nyekundu, na mwaka uliofuata hiyo pikapu ilikuwa imekalia mawe, haina hata gurudumu moja. Baba alisema yeye si Katoo.

Lakini shamba haliuzwi kabla bodi ya ardhi haijamwuliza mke. Tukaenda Kajiado, mimi nimebeba mdogo wetu wa mwisho. Wanawake waliotutangulia waliulizwa kama wamekubali, wakasema "ee", na muhuri ukapigwa. Nikajua yeyo atasema hivyo hivyo, na ng'ombe wetu hawatakuwa na mahali pa kukanyaga.

Mwenyekiti akamwuliza baba, "Mzee, pesa ni ya nini?"

"Ya matumizi."

Wazee waliokaa kwa benchi wakacheka. "Hata Katoo alisema matumizi!" mmoja akasema. "Saa hii anatumia miguu."

Mwenyekiti akamgeukia yeyo, akamwita kwa jina la kaka yangu mkubwa. "Mama Saning'o, umekubali?"

Yeyo akasimama. Akafungua kona ya shuka, akaweka pesa ya maziwa ya jana juu ya meza, mbele ya hao wanaume wote.

"Matumizi ya kwangu ni hii," akasema. "Imelisha watu tisa miaka kumi na saba. Inatoka kwa maziwa, maziwa inatoka kwa ng'ombe, na ng'ombe wako kwa hiyo shamba. Huyu mzee hajawahi kukosa chai. Sasa mwulizeni ni matumizi gani hiyo mimi sijui."

Hakupaza sauti. Ilikuwa ile ile anayoitia ndama. Lakini hakuna aliyecheka tena, na mimi nikamkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka akalia.

Mwenyekiti alimtazama baba, akangoja. Baba akatazama chini. Karatasi ikasukumwa kando bila muhuri.

"Rudini nyumbani, mzee."

Njia nzima nilikuwa nahofia baba atampiga yeyo fimbo. Tulipofika bomani alienda kusimama peke yake kwa lango, akiangalia ng'ombe wakiingia, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Halafu akaja mlangoni kwa yeyo.

"Tumbako imeisha," akasema. "Niko na haja ya matumizi kidogo."

Yeyo akafungua kona ya shuka, akampa. Na baba, ambaye sijawahi kumwona akipokea kitu kwa mwanamke hivyo, akainamisha kichwa akapokea kwa mikono miwili.