Jiwe Lenye Jina la Khaemba

Cheka kwanza, umalize, kisha unisikilize. Hapa Kitale wamenicheka wengi, na wengine wamenishauri niache pombe ambayo sijawahi kuionja. Lakini haya yalinipata mimi, saa tisa mchana, jua likiwaka, mbele ya ukumbi mzima wa watu.

Mimi na Khaemba wa Matulo tulisoma chuo kimoja, tukaamua kutengeneza tovuti ya kuonyesha asteroidi, yale mawe ya angani yanayopita karibu na dunia. Unaifungua kwenye simu, unaona jua katikati, dunia ikizunguka, na mawe kila moja kwenye njia yake. Ukisogeza tarehe mbele, nayo yanasogea. Ukibonyeza jiwe, unaambiwa jina lake na siku litakayotukaribia zaidi. Khaemba alipiga hesabu za njia za mawe. Mimi nilitengeneza michoro, rangi na vitufe. Chini ya ukurasa tuliandika majina yetu mawili.

Sasa sikia alichonifanyia. Kwenye harusi ya binamu yangu kule Saboti, mjomba wangu aliuliza tunajuaje mawe yatapita wapi. Kabla sijafungua mdomo, Khaemba akasema, "Niulize mimi, mzee. Huyu anapakanga tu rangi."

Watu wakacheka. Mke wangu, mjamzito wa miezi minane, akacheka pia. Niliungua ndani, nikaapa kwamba Khaemba atanilipa.

Hazikupita wiki mbili, nafasi ikaja. Kulikuwa na maonyesho ya teknolojia Bungoma, katika ukumbi mmoja pale Kanduyi. Siku moja kabla, nilikaa nikafuta jina la Khaemba kila mahali: chini ya ukurasa, ndani ya programu, hata kwenye bango. Siku hiyo alinipigia simu mara saba. Niliitazama ikilia, nikatabasamu. Niamini, kisasi ni kitamu ukiwa bado unakitafuna.

Kesho yake nilisifiwa mpaka nikachoka kushika mikono. Saa tisa hivi nikainua macho, nikamwona Khaemba mbele ya meza yangu, amevaa lile shati jeupe alilovaa kwenye harusi ya Saboti. Hakunisalimu. Alishika mausi ya kompyuta, akasogeza tarehe mbele kidogo, akaacha.

"Jina langu liko wapi, bana?"

"Si wewe ndiye mtu wa hesabu? Litafute."

"Sawa. Utaliita mwenyewe. Tena utaliita ukiomba."

Akaondoka. Niliposhika ile mausi ilikuwa baridi kama soda iliyotoka kwenye friji. Binti wa meza ya pili akaniuliza, "Huyo wa shati nyeupe ni nani? Mbona amekasirika hivyo?" Kwa hiyo usiniambie niliota.

Hazikupita dakika kumi, dada yake Khaemba akanipigia simu. "Khaemba ametuacha leo alfajiri, hospitalini. Jana alikuwa anakutafuta sana. Alitaka mambo ya Saboti yaishe."

Nilikaa chini. Kwenye kompyuta, pale aliposimamisha tarehe, palikuwa na jiwe jekundu ambalo sikulichora mimi. Nililibonyeza. Jina: Khaemba. Siku ya kutukaribia: wiki mbili mbele. Nikalitafuta katika orodha ya mawe ya wanasayansi tuliyotumia, halikuwamo. Nililifuta mara tatu, na kila nilipofungua ukurasa nililikuta. Mazishini sikwenda. Niliogopa, ndiyo, lakini bado nilikuwa na hasira pia. Hata akifa lazima anishinde?

Siku ile ya jiwe ilipofika, mke wangu alijifungua mtoto wa kiume.

Mtoto alilia tangu alipozaliwa. Alikataa ziwa. Daktari alimpima, akasema haoni ugonjwa. Siku ya pili sauti ilikuwa imekauka, analia mdomo wazi bila kutoa kitu. Tukamwita nyanya yangu, Kukhu, kutoka Saboti. Kwetu Wabukusu mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka jina. Unayataja majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja huku mtoto akipewa ziwa, na akisikia la kwake anatulia.

Kukhu aliwataja wote, wa kwa baba na wa kwa mama. Mtoto aligeuza uso kila mara. "Kuna mtu hamjamtaja," akasema. "Na huyu mtoto anaisha."

Nilijua. Nilijua tangu jina la kwanza, nikamwacha mwanangu aendelee kulia kwa sababu ya kiburi changu. Unaweza kuamini baba wa namna hiyo? Mke wangu alinitazama, machozi yakimtoka. Ndipo nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Khaemba," nikasema. "Tafadhali, Khaemba. Nakuomba."

Mtoto akanyamaza, akashika ziwa.

Kukhu alikunja uso. "Khaemba wa nyumba gani? Huyu si wetu." Nilipomweleza yote, alitikisa kichwa. "Basi wewe mwenyewe umemfungulia mlango. Hatatoka."

Jina la Khaemba nimelirudisha kwenye tovuti, tena juu ya langu. Nimekwenda Matulo kumwomba mama yake msamaha, naye amenisamehe. Khaemba mwenyewe kama amenisamehe, sijui. Lile jiwe bado lipo, na kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa mwanangu, hupita karibu zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

Mtoto ana miaka minne sasa. Habari za Saboti hajasimuliwa na mtu. Juzi alinikuta kwenye kompyuta nikirekebisha michoro, akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama skrini.

"Baba," akasema, "wewe unapakanga tu rangi."

Kama kuna mtu umemfuta jina, lirudishe angali hai, aweze kupokea simu yako. Na akikupigia yeye, shika.